Akiolojia: Somo la Masomo Mengi

Mwaka huu mhariri wa jarida letu alitutaka sisi wa kidato cha nne kila mmoja aandike juu ya somo moja la chuo kikuu. Wenzangu wameandika juu ya udaktari, uhandisi na uanasheria. Mimi nimechagua akiolojia. Najua wapo watakaocheka. Hata nyumbani walicheka. Ami yangu aliponisikia aliuliza, "Sasa wewe utakula vigae?" Lakini soma kwanza, ndugu yangu, halafu ukitaka kucheka cheka.

SHIMO LA CHOO

Habari yenyewe ilianzia kwenye choo. Likizo ya Agosti tulikuwa tunachimba shimo la choo kipya nyumbani kwa babu. Tulipofika kina cha kiuno, udongo ukabadilika rangi, ukawa mweusi kama jivu. Sururu ikagonga kitu, ka! Nikainama nikaokota kigae cha chungu. Kisha cha pili, cha tatu, mpaka vikafika kumi na kitu. Vingine vilikuwa na michoro ya mistari iliyokatwakatwa kama pembetatu zilizopangwa safu. Pamoja navyo kulikuwa na vipande vya mkaa na mifupa midogo midogo ya samaki.

Nilifanya nini? Nilichagua vigae vinne vilivyonipendeza, nikavisugua kwa sabuni mpaka vikang'aa. Vingine vyote, pamoja na mkaa na mifupa, nikavitupa na udongo. Kesho yake shimo likashuka chini zaidi, na wiki iliyofuata fundi akajenga. Choo kipo mpaka leo na kinatumika vizuri.

Nyanya alikichukua kigae kimoja akakigeuzageuza. Yeye utotoni mwake alifundishwa kufinyanga. Akapitisha kidole kwenye mistari, akasema, "Hiki si cha kwetu. Sisi hatukuchora hivi. Lakini aliyekifinyanga alijua kazi, tazama ukingo ulivyo sawasawa."

Shule zilipofunguliwa nikampelekea mwalimu wetu wa Historia nikitarajia sifa. Lo! Badala ya sifa nilipata maswali. Vilikuwa kina gani? Vilikuwa pamoja na nini? Udongo wa juu yake ulikuwaje na wa chini yake ulikuwaje? Mkaa uko wapi? Mifupa iko wapi? Kila swali jibu langu lilikuwa moja: "Nimetupa, mwalimu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe umepata barua ya mtu wa kale, ukabandua stempu ukaweka, barua yenyewe ukaitupa."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya akiolojia, na haya ndiyo niliyoyapata.

AKIOLOJIA NI NINI HASA?

Akiolojia ni elimu ya kujua maisha ya watu wa zamani kwa kuchunguza vitu walivyoviacha: nyumba, makaburi, vyungu, zana, mifupa ya kitoweo chao, hata takataka zao. Usiichanganye na kutafuta mifupa ya madinosaria, maana hiyo ni kazi ya watu wengine. Usiichanganye pia na kutafuta hazina. Mwanaakiolojia hatafuti dhahabu. Akiipata vizuri, lakini jaa la nyuma ya jiko humpa habari nyingi zaidi.

Hebu fikiria jaa la shule yetu. Takataka za juu kabisa ni za wiki hii, chini yake za muhula uliopita, na chini zaidi za miaka iliyopita. Anayechimba kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka, anasoma habari za shule kinyumenyume. Lakini mtu akiingiza jembe akavuruga yote, hata ukipata karamu nzuri ya mwanafunzi wa zamani hutajua ni ya mwaka gani. Ndiyo maana wataalamu hawachimbi kwa jembe na haraka. Hupima eneo kwa kamba na kuligawa miraba, wakakwangua udongo kwa mwiko kama wa fundi mwashi, wakafagia kwa brashi, wakachekecha udongo wote, na kuandika kila kitu kilipatikana wapi na kando ya nini. Kigae bila mahali pake ni kama neno lililong'olewa katika sentensi.

Jambo jingine ni kwamba kuchimba ni kuharibu. Ukishalitoa tabaka huwezi kulirudisha. Kitabu hiki husomwa mara moja tu, na kila ukurasa huchanika unapousoma. Ukikosea kuandika basi.

KWA NINI NAISEMA KUWA NI YA MASOMO MENGI?

Hapa ndipo penye utamu wa somo hili. Shuleni tumezoea kugawanya masomo: huyu wa sayansi, huyu wa sanaa. Akiolojia haikubali mgawanyo huo. Nichukue lile shimo la babu, tuone nilitupa nini.

Kwanza, mkaa. Kila kilicho hai huchukua kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina iitwayo kaboni 14, ambayo hupungua yenyewe polepole. Mti ukikatwa hauchukui nyingine, na ile iliyomo hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mtaalamu akipima iliyobaki ndani ya mkaa anaweza kukisia mti ule ulikufa lini. Hiyo ni Fizikia na Kemia. Mkaa wangu mimi uko chini ya choo.

Pili, mifupa ya samaki. Mtu wa Biolojia angeitazama akajua kama ni kambare wa mtoni au ni changu wa baharini. Kama ni changu, basi watu wa hapo walikuwa na uhusiano na pwani. Na mbegu zilizoungua nazo husema. Huko kisiwani Pemba wataalamu walichunguza nafaka zilizoungua wakaona kwamba zamani watu walitegemea zaidi mawele, kisha kadiri karne zilivyopita mpunga ukapanda cheo. Sisi wala wali wa Tana hatuwezi kuidharau habari hiyo.

Tatu, udongo. Tana si mto wa kukaa mahali pamoja. Wazee wetu wanajua vijiji vilivyohama kwa sababu mto umehama. Isitoshe, katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, maji yakaizoea njia hiyo, na leo mto wetu humwagikia baharini Kipini. Kwa hiyo anayetafuta kijiji cha kale akifuata mto wa leo atapotea. Hapana budi ajue Jiografia na jiolojia, asome ramani za zamani na picha zilizopigwa na satelaiti.

Nne, vigae vyenyewe. Vinahesabiwa, vinapimwa unene, vinapangwa kwa michoro na kwa umbo la mdomo, halafu takwimu zinachorwa. Hiyo ni Hisabati. Lakini mtaalamu humwendea pia mfinyanzi aliye hai, kama nyanya, amwulize udongo ulichimbwa wapi, ulichanganywa na nini, na nani alimfundisha nani. Hiyo nayo ni anthropolojia.

Tano, na hii ni yetu sisi wa Chama cha Kiswahili, ni lugha na fasihi simulizi. Wanaisimu wamelinganisha Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro wakaona ni ndugu wa tumbo moja. Familia hiyo wameiita Sabaki, kwa jina la mto wa jirani. Ukimsikia Mgiriama akisema mudzi na madzi, na Mswahili akisema mji na maji, unasikia undugu huo kwa masikio yako. Tena nani kati yetu hajamsikia Fumo Liyongo, shujaa aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba? Watu huonyesha kaburi lake karibu na Kipini, na masimulizi humtaja pamoja na miji ya Shaka na Ungwana, ambayo magofu yake yapo pwani yetu hii. Wasomi wanabishana aliishi karne ipi, na tofauti zao ni za mamia ya miaka. Utenzi peke yake hauwezi kukata kesi hiyo. Magofu peke yake hayana jina. Vikikaa pamoja vinaweza kusaidiana.

JINA LA MTO WETU LIKO VITABUNI

Je, ulijua kwamba kuna vyungu vinavyoitwa Tana katika vitabu vya wasomi wa dunia nzima? Mimi sikujua, nami nimezaliwa hapa.

Mwaka 1979 mtaalamu David Phillipson alichapisha habari za vigae vya kale vya bonde la chini la Tana, vikiwemo vya Wenje, juu ya mto huu huu. Baadaye Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate kuanzia 1980 hadi 1988, alikuta vyungu vya namna hiyo katika matabaka ya chini kabisa ya mji ule. Akaviita Mapokeo ya Tana. Ni vyungu vya kati ya mwaka 600 na 1000 hivi, na alama yake kubwa ni pembetatu zilizochorwa kwa kukata udongo kabla ya kuchomwa. Vimeonekana kutoka Somalia mpaka Msumbiji, visiwani Komoro, na hata bara ndani.

Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakulipenda jina hilo. Yeye alisema vyungu hivyo vimejaa Tanzania pia, kwa nini viitwe kwa mto mmoja wa Kenya? Akaviita kwa michoro yake, yaani vyungu vya pembetatu. Ubishi huo si wa jina tu. Nyuma yake kuna swali: utamaduni huu ulianzia wapi? Leo waandishi wengi huyaandika majina yote mawili pamoja, wakaepuka ugomvi.

Sasa unaelewa kwa nini pembetatu za shimo la babu zinaninyima usingizi. Huenda ni hizo. Huenda sizo kabisa, maana pembetatu hata mtoto anaweza kuzichora. Mkaa ungesema. Mkaa nimetupa.

NANI ALIJENGA MIJI YA PWANI?

Somo hili halitoi majibu ya kudumu kama hesabu za jedwali. Hubadilika kila ushahidi unapoongezeka, na mfano mkubwa ni swali la miji ya Waswahili.

James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na mwaka 1953 na 1954 alichimba Ungwana, karibu na Kipini. Neville Chittick naye alichimba Kilwa na Manda. Walifanya kazi kubwa, lakini wakati wao wengi waliamini kwamba miji hii ilianzishwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, na Mwafrika alikuwa mpokeaji tu.

Kisha Shanga ikaonyesha habari nyingine. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, na mji wenyewe ulianza katika karne ya 8 ukiwa na vyungu vile vile vya Tana vilivyofinyangwa na watu wa hapa. Mji haukushuka kutoka merikebuni. Ulikua polepole kutoka kijiji. Wataalamu wa Afrika Mashariki nao wakaingia uwanjani. George Abungu, Mkenya, alifanya utafiti wake wa uzamifu wa Cambridge juu ya jamii za Mto Tana, kuanzia yapata mwaka 700 mpaka 1890, akitazama jinsi watu wa delta na watu wa bonde la juu walivyohusiana. Baadaye, kati ya 1999 na 2002, aliongoza Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kesi ilionekana imekwisha, kumbe wapi! Mwaka 2023 Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya anayefundisha Marekani, pamoja na wenzake wengi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani Kenya na Tanzania, wengi wao katika miji ya pwani. Wakaona kwamba wengi wa waliozikwa katika miji hiyo walikuwa na asili mbili: mama zao wa kale wengi wao ni Waafrika, na baba zao wa kale wengi wao walitoka Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000.

Basi je, Kirkman alishinda? La, hasha. Tazama miaka. Shanga ilikwisha kuwa mji mdogo zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hapo, na watu wake wa mwanzo walitumia vyungu vya Tana. Pia waliochunguzwa wengi walizikwa makaburi ya heshima, nao si lazima wawakilishe kila mvuvi na mkulima. Tena lugha iliyobaki ni ya mama, yaani Kiswahili ni Kibantu mpaka kesho. Kwa hiyo vinasaba peke yake havitoshi, vyungu peke yake havitoshi, na lugha peke yake haitoshi. Anayejua kimoja tu atajigamba mapema. Mwanafunzi wa akiolojia hufundishwa kuviweka vyote mezani.

MTOTO WA PANGA YA SAIDI

Mfano mwingine uko hapo Kilifi tu. Katika pango liitwalo Panga ya Saidi wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walianza kuchimba mwaka 2010. Mwaka 2013 wakagusa mifupa iliyooza hata haishikiki, ukiigusa inakuwa unga. Kwa hiyo walifanya kile ambacho mimi sikukifanya: waliacha haraka. Baada ya kulifunua shimo lote, walifunika donge zima kwa plasta, wakalipeleka Nairobi, kisha likapelekwa maabara ya Burgos huko Hispania.

Huko likapigwa picha za eksirei za aina ya pekee na kusafishwa kidogo kidogo. Meno yakaonyesha ni mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Udongo ukaonyesha kwamba shimo lilichimbwa kwa makusudi. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na kichwa kilikaa kama kilichowekewa mto. Umri wake? Miaka 78,000 hivi, kaburi la kale kuliko yote yaliyojulikana Afrika hadi habari hizo zilipochapishwa mwaka 2021. Wataalamu wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

Niliposoma habari za mto wa kichwani nilikaa kimya. Miaka 78,000 iliyopita, mtu wa pwani hii alimzika mwanawe na hakutaka kichwa kiguse ardhi tupu.

MTU ANASOMA NINI CHUONI?

Katika vyuo vingi shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu au minne. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha akiolojia kwa miaka mingi. Dar es Salaam walianza mwaka 1985, na Makerere nao hulifundisha. Kule Marekani desturi ya zamani ni kuliweka somo hili ndani ya anthropolojia, lakini vyuo kama Yale na Stanford wamelifanya shahada inayochota kutoka idara mbalimbali: mwanafunzi huchagua jiolojia huku, historia kule, kemia pale, na mshauri wake humsaidia kuvifunga pamoja visiwe mzigo wa kuni zisizofungwa.

Hatari ya mpango wa namna hiyo ni kwamba mtu anaweza kuonja kila chungu asishibe hata kimoja. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hushauriwa awe na nguzo moja imara: mwingine mifupa, mwingine mimea, mwingine vyungu, mwingine ramani za kompyuta, mwingine vyombo vilivyozama. Ndiyo, wapo wanaochimba chini ya bahari. Kati ya 1977 na 1980 wapigambizi walichunguza merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697.

Aidha kuna mafunzo ya nje. Wanafunzi hukaa kambini majuma kadhaa wakichimba, wakichora na kuosha vigae. Jua ni kali, mbu wapo, na siku nyingine hupati kitu. Asiyetaka kuchafuka asisumbuke. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kazi hii utainama mpaka kiuno kikuombe radhi.

Masomo ya sekondari ya kutilia mkazo ni Historia, Jiografia, Biolojia, Kemia, Hisabati na lugha. Alama zinazotakiwa hubadilika, kwa hiyo tazameni kitabu cha KUCCPS cha mwaka wenu, msisikilize uvumi wa bwenini.

KAZI IKO WAPI?

Sitawadanganya. Kazi zenye jina la mwanaakiolojia ni chache. Waajiri wa kwanza ni Makumbusho ya Taifa, vyuo vikuu na idara za utamaduni za serikali za kaunti. Lakini barabara kubwa, bandari au bomba la mafuta likipangwa, mazingira huchunguzwa kabla ya kujengwa, na turathi za kale ni sehemu ya mazingira hayo. Anahitajika mtu wa kutembea eneo na kusema: hapa pana makaburi, msipite. Wengine huenda kwenye utalii, ualimu, uandishi au kutengeneza ramani. Mtu aliyejifunza kukusanya ushahidi, kuuhesabu na kuueleza kwa maandishi hakosi pa kuegemea, ingawa pengine atasubiri.

LAKINI TUNA HAJA GANI NAYO SISI?

Swali hili ndilo kubwa. Nina majibu mawili.

La kwanza ni la mali yetu. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, na tangu 1908 iko British Museum, London, katika stoo. Wazee wetu wameidai. Anayedai anahitaji masimulizi, naam, lakini anahitaji pia maandishi, tarehe na picha. Wamijikenda wanalijua hilo. Mwaka 1985 vigango viwili viliibwa nyumbani kwa mzee mmoja. Kwa bahati mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee huyo akiwa kando ya vigango vyake. Miaka baadaye mtafiti huyo akavitambua Marekani, katika mikusanyo ya makumbusho, na mwaka 2007 familia ikarudishiwa. Picha moja tu! Ni vijiji vingapi vya Delta vina picha na orodha ya vitu vyao vya zamani? Kijana wa hapa aliyesoma kazi hii angeweza kuianza.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2012 mpaka mapema 2013 sisi watu wa Delta tulizika watu wengi kwa sababu ya ugomvi wa mashamba, malisho na maji. Wengi wetu tulikuwa wadogo au hatujazaliwa, lakini mpaka leo unasikia maneno yale yale: "Sisi ndio wa kwanza hapa." Akiolojia haiwezi kumpa mtu hati ya shamba, na anayeitumia hivyo anaikosea. Lakini inaonyesha kwamba bonde hili kwa zaidi ya miaka elfu moja limekuwa la watu wa aina nyingi: wakulima wa mtoni, wafugaji, wavuvi, wawindaji na watu wa miji ya mawe, wakipeana nafaka, maziwa, samaki, ngozi na pembe. Waligombana pia bila shaka. Lakini hakuna aliyeishi peke yake, maana hata jaa lake linamtoa uongo. Ningependa habari hiyo iandikwe na watu wa hapa, Mpokomo, Muorma, Mwardei, Mgiriama na Mbajuni wakiwa shimo moja na chekeche moja.

TUANZE NA NINI?

Wenzangu, msikimbilie kuchimba. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu kuchimba mahali pa kale bila kibali, na nimekwisha kueleza jinsi mimi nilivyoharibu kwa dakika kumi. Ukikuta kitu unapolima, kiache kilipo kama inawezekana. Piga picha, weka kitu kando yake cha kuonyesha ukubwa, andika tarehe, mahali na kina, kisha mwambie mwalimu, chifu au watu wa Makumbusho. Kwa sasa chama chetu kinaweza kuandika majina ya vijiji vilivyohama na sababu zake, kama wazee wanavyosimulia. Kazi hiyo haihitaji kibali. Inahitaji kalamu, adabu na masikio. Wala usingoje mwaka ujao, maana wazee hawangoji.

Mimi nimeanza na nyanya. Ameniahidi likizo ijayo ataniambia jinsi udongo wa vyungu ulivyochaguliwa na ulikochimbwa. Ami naye aliniona nikiandika akauliza tena, "Bado ni vigae?" Nikamwambia bado. Akakaa, akakichukua kimoja, akakitazama pembetatu zake kwa muda, halafu akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza: "Kwani ni cha nani?"

Nilimjibu ukweli, ami, hatutajua sasa, kwa sababu yangu. Lakini bonde ni kubwa, na vingine bado vimelala chini.